Hongera za Cherehani Namba Kumi na Nne

Katika mwezi wa Juni, cherehani namba kumi na nne ilipata hongera thelathini na nane. Namba kumi na tatu, iliyokuwa kushoto kwake, ilipata mbili. Namba kumi na tano haikupata hata moja. Mzee Silvanus Kobelo alizisoma tarakimu hizo, akavua miwani, akaifuta kwa leso, akazisoma tena.

"Huyu wa kumi na nne anaolewa kila siku?" aliuliza.

Mjukuu wake Leokadia, aliyeketi mbele ya kioo cha takwimu, alicheka. "Babu, hiyo ni furaha kazini. Kiwanda hiki kinaongoza nchi nzima kwa hongera. Tumefikiria hata kuwapa ngao."

"Hapa mimi si babu yako. Mimi ni Mkaguzi."

"Haya, Mheshimiwa Mkaguzi. Shikamoo upya."

"Marahaba. Nionyeshe na pole zao."

Leokadia aligusa kioo. Safu ya pole ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini: siku tisini na moja, mafundi mia mbili na kumi, wala hakuna aliyempa mwenzake pole yenye uzito.

Mzee Silvanus alikuwa amefundisha ushonaji kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kuitwa kuwa mkaguzi wa usalama, na katika miaka hiyo alijifunza jambo moja lisilo na shaka: penye sindano hapakosi kidole. Alipokuwa kijana, ajali za viwandani ziliandikwa katika daftari, na daftari lilikuwa uongo mtupu, kwa kuwa langoni palikuwa na ubao wa "Siku Bila Ajali" na hakuna fundi aliyetaka kuwa yeye aliyeurudisha ubao kwenye sifuri. Mtu alidungwa, akafunga kidole, akashona. Ndipo wahandisi vijana, Leokadia akiwa mmoja wao, walipogundua jambo ambalo wazee walikuwa wakiliona kila siku bila kulitafakari. Aliyeumia anaweza kuuma meno akanyamaza, lakini jirani yake hawezi kujizuia kumwambia pole.

Hivyo likazaliwa Sikio. Lilikuwa dude dogo kama punje ya hindi, lililofungwa kwenye kichwa cha kila cherehani, juu ya sindano. Mazungumzo hayakuhifadhiwa; umbeya, nyimbo na masengenyo vyote vilitupwa papo hapo. Yalibaki maneno machache ya adabu, kila moja na uzito wake kuanzia moja hadi kumi. "Pole na kazi" ilikuwa na uzito wa moja au mbili. Pole ya mtu aliyeona damu ilianzia tano. Kisha Sikio lilisubiri sekunde kumi ili lisikie nani ataitikia, kwa maana sauti ya anayejibu "asante" ndiyo ya mkono ulioumia. Pole iliyokosa mwitikio iliandikwa kwa cherehani peke yake. Na hapo cherehani hiyo, pamoja na nyingine zote za chapa yake kiwandani humo, zilijifunga mpaka zitengenezwe.

Mzee Silvanus aliuonea fahari uvumbuzi huo, lakini hakuwahi kumwambia mjukuu wake. Kwa malezi yake, sifa ya ana kwa ana humlegeza mtoto.

Mlango ulifunguliwa, akaingia meneja, Bwana Shekalaghe, mtu mnene mwenye haraka, ameshika karatasi yenye mhuri.

"Mzee wangu, karibu sana. Cheti cha Mkono Mzima hiki hapa, bado sahihi yako tu. Leo Ijumaa; ukitia sahihi, Jumatatu asubuhi tunapandisha mwendo kutoka mishono elfu nne kwa dakika hadi elfu sita. Sheria inaturuhusu, siku tisini bila jeraha zimepita."

"Sheria naijua, Bwana Shekalaghe. Nilikuwapo ilipoandikwa."

"Basi hakuna tatizo."

"Lipo. Nataka kujua namba kumi na nne inapongezwa kwa lipi."

Meneja alimtazama Leokadia, kisha akamtazama mzee. "Wanawake, Mzee. Wanapongezana. Nywele, watoto, vitenge."

"Mara thelathini na nane?"

"Pengine ana vitenge vingi."

* * *

Ukumbi wa kushonea ulikuwa mrefu, wenye madirisha yaliyotazama milima ya Uluguru, na ngurumo ya cherehani ilipanda kutoka sakafuni hadi magotini. Safu ya pili ilikuwa ya kola. Namba kumi na nne alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, aliyezungusha kola ya shati chini ya sindano kwa wepisi ambao Mzee Silvanus aliuona mara chache katika maisha yake yote ya kufundisha. Jina lake, Dafrosa, lilishonwa kifuani. Kushoto kwake, namba kumi na tatu, alikuwa Mama Perpetua, mkubwa wa safu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Mkaguzi alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akisimama darasani. Kwa muda mrefu hakuona la ajabu. Kisha kola moja iliteleza, na kitambaa kikasugua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa Dafrosa. Mabega yake yalipanda ghafla, yakashuka. Hakutoa sauti.

"Hongera, mwanangu," alisema Mama Perpetua bila kugeuka.

"Nishapoa, mama," alijibu Dafrosa.

Mama Perpetua alimkata jicho. Dafrosa akainama haraka kwenye kola yake.

Mzee Silvanus alihisi jambo ambalo mwalimu huhisi anaposikia kosa dogo katika insha iliyokuwa nzuri. Hongera hujibiwa "asante". Hujibiwa "nawe pia". Haijibiwi "nishapoa", kwa kuwa hupoa kilichokuwa na moto, na mtu mwenye furaha hana haja ya kupoa. Binti huyu hakukosea Kiswahili. Alikuwa ameitikia kwa usahihi kabisa neno lingine, ambalo halikutamkwa.

Alikitazama kile kidole. Kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha bluu, kilekile cha mashati, ili kikiwa kazini kisionekane.

 Alikwenda kwa mtunza sindano, akaomba daftari la sindano zilizovunjika. Katika kiwanda chochote cha nguo chenye nidhamu, sindano ikivunjika vipande vyake vyote hutafutwa na kubandikwa kwa gundi karatasini kabla fundi hajapewa mpya, ili kipande kisije kikaenda na shati kwa mvaaji. Alifungua ukurasa wa namba kumi na nne. Siku kumi na mbili zilizopita palibandikwa shina la sindano na kiwiliwili chake. Mahali pa ncha palikuwa patupu. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: *Ncha haikuonekana. Mashati yote yamepekuliwa.*

"Mashati yote," alirudia Mzee Silvanus polepole. Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya namba kumi na tano, ambayo haikuwa na mtu, ingawa magoti yake hayakupenda.

Palikuwa na kinga ya sindano, kile kizuizi cha waya kinachouzuia mkono usiingie chini ya sindano. Ilikuwa imara na safi. Lakini punje ile ya Sikio ilikuwa imefungwa mahali kinga ilipopaswa kukaa, na ili ipate nafasi, kinga ilisogezwa juu. Alipitisha kidole chake cha shahada chini yake. Kilipita bila kugusa.

* * *

Wakati wa chakula mafundi walikula uani, kwenye mabenchi ya saruji karibu na bomba la kunawia, ambako hapakuwa na cherehani wala Sikio. Mkaguzi alijongea na sahani yake ya wali na maharage. 

"Mkaguzi anakula chakula chetu?" alisema Mama Perpetua. "Leo mvua itanyesha."

"Nilikula chakula kama hiki miaka thelathini na mmoja. Maharage ya huko nilikofundisha yalikuwa na mawe zaidi." Aliketi mbele ya Dafrosa. "Binti, hongera."

Dafrosa alificha mkono wa kushoto chini ya sahani.

"Kwa kipi, baba?" aliuliza.

"Nilidhani wewe ndiye utakayeniambia. Nimesikia unapongezwa kuliko bibi harusi."

Mwanamke mmoja alicheka, akafunikwa mdomo na mwenzake. Mama Perpetua aliweka kijiko chini.

"Umelijua," alisema.

"Nimelijua. Sijalisema."

"Basi sikiliza, baba, kwa kuwa unaonekana mtu aliyelelewa. Lilipokuja hilo Sikio tulishangilia. Tukasema sasa hata tukinyamaza tutasikika. Lakini wenye viwanda wakaomba orodha ya waliojibu. Ukijibu pole nzito mara moja, unaandikwa. Mara ya pili, unaandikwa. Mara ya tatu jina lako linapelekwa viwanda vyote: mkono usiotulia. Hugusi cherehani tena popote. Cherehani inaendelea kushona, wewe unatolewa."

"Mngekataa kujibu. Pole isiyojibiwa huifunga cherehani."

"Tulijaribu!" alisema Mama Perpetua, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Mtu akuambie pole unyamaze kama jiwe? Umelelewa na nani? Kinywa kinajijibu chenyewe. Na waliokaza kinywa, siku ya tatu tulikuwa hatusalimiani. Tukaona heri tubadili neno kuliko kubadili utu. Hongera inajibiwa asante, pole inajibiwa asante. Sikio halikuona tofauti."

"Isipokuwa huyu amejibu nishapoa."

"Amelelewa Pangani na shangazi yake," alisema Mama Perpetua kwa ukali uliojaa mapenzi. "Nimemwambia mara mia."

Mzee Silvanus alimgeukia Dafrosa. "Ncha imo kidoleni."

"Imo," alisema Dafrosa.

"Siku kumi na mbili. Kwa nini hukwenda zahanati?"

"Zahanati ni ya kiwanda, baba. Wanauliza namba ya cherehani." Alikitoa kidole chini ya sahani, akakitazama. "Mimi nimeshaandikwa mara mbili. Bado moja. Na mimi najua kola. Sijui kitu kingine, wala sitaki kujua kingine."

Hakulia wala hakuomba. Alisema kama mtu anayetaja jina la kijiji chake.

"Nikiwaeleza wahandisi neno lenu," alisema mzee, "Sikio litajua ajali zote zilizofichwa. Jumatatu mwendo hautapanda."

"Nasi sote tutakuwa tumeandikwa kwa siku moja," alijibu Mama Perpetua. "Kisha itabidi tutafute neno jingine, mje mlichukue na hilo. Kiswahili ni kikubwa, baba, lakini si pori. Siku moja tutakosa pa kujificha, na hapo ndipo mtu atadungwa na jirani yake asimwambie chochote."

* * *

Mzee Silvanus alimkuta Leokadia ofisini, akamtaka aje na rula. Walikwenda pamoja mpaka namba kumi na tano. Leokadia alipiga magoti kwa wepisi wa ujana, akapima chini ya kinga, akapima tena. Alipoinuka alikuwa amesahau kumwita Mkaguzi.

"Milimita saba, Babu. Sikio limeiinua kinga milimita saba. Mchoro ni wangu."

"Nimeona jina lako pembeni mwa mchoro."

"Hakuna aliyeniambia. Nilipima kila kitu. Nilipima kelele, joto..." Alitoa kalamu mfukoni. "Nitaandika kasoro sasa hivi."

"Andika. Itakuwa nini?"

Leokadia alijua sheria vizuri kama yeye. Kasoro isiyo na jeraha ni shauri, na shauri hupewa miezi sita. Kasoro yenye jeraha ni amri, na amri hutekelezwa saa hiyohiyo. Na kwa kuwa watu wote, mafundi, mameneja, hata wakaguzi, waliwahi kudanganya kuhusu majeraha, sheria ilikubali shahidi mmoja tu wa jeraha, ambaye ni Sikio.

"Lipo jeraha?" aliuliza.

Mzee Silvanus alivua miwani, akaifuta.

"Lipo. Nakuona usoni. Wanatumia neno jingine, siyo? Ni lile la hong—"

"Usilimalize."

"Nipe tu ruhusa. Nitalifundisha Sikio kwa dakika kumi. Cherehani zote zitafungwa leo. Hakuna atakayedungwa tena."

"Na orodha ya mikono?"

"Orodha si yetu. Ni ya waajiri. Sisi tunatoa takwimu."

"Leokadia." Sauti yake ilikuwa ileile iliyowahi kuwanyamazisha wanafunzi arobaini. "Ulitengeneza kitu kizuri. Nilitaka kukwambia siku nyingi, nami nakwambia leo ili uelewe sikusemeshi kwa chuki. Uliwasikia watu wasiosikika. Lakini ulichokisikia ni huruma yao, na huruma si ushahidi wa mashtaka. Wameitoa mdomoni mwao wakaivika nguo nyingine ili waendelee kupeana. Ukiwavua na hiyo, utakuwa umeokoa vidole na kupoteza kilichokufanya uvijali."

Leokadia aliitazama rula mkononi mwake.

"Na usipowavua," alisema taratibu, "Jumatatu ni mishono elfu sita."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na mzee hakujisingizia kwamba si pagumu. Alisimama akiutazama ukumbi. Alikuwa na udadisi wa kweli, si wa mtu anayetafuta njia ya kutoroka, bali wa fundi anayegeuza kitambaa kutafuta upande wa uzi.

"Sikio hubagua nani amesema pole?" aliuliza.

"Hapana. Hupima uzito tu, na anayeitikia."

"Mkaguzi anaweza kusema pole?"

Leokadia aligeuka kumtazama. "Anaweza mtu yeyote. Ila haliwezi kudanganywa, Babu. Waigizaji walijaribu, hawakuvuka tatu."

"Mimi si mwigizaji," alisema Mzee Silvanus.

* * *

Kengele ilirudisha watu kazini. Mkaguzi alisimama kando ya namba kumi na nne, amenyooka, koti limefungwa vifungo vyote. Leokadia alisimama hatua tatu nyuma na kioo kidogo cha takwimu mkononi. Meneja Shekalaghe alikuwa ameshuka kuona kinachochelewesha sahihi.

"Pole," alisema Mzee Silvanus.

Safu nzima ilisikia. Dafrosa alikaza taya.

"Mbili," alisema Leokadia. "Limeandikwa kama salamu."

Mzee alikohoa, akasema tena kwa sauti kubwa: "Pole!"

"Moja. Limeshuka."

Mahali fulani katika safu mtu alicheka, kisha wawili. "Baba anatoa adhabu," alinong'ona mmoja. Meneja aliuliza kuna nini. Shingo ya mzee ilipata joto. Katika miaka yake yote alikuwa amesema pole msibani, hospitalini, barabarani, akidhani ameisema vyema, na sasa punje ya hindi ilimwambia kwamba alikuwa akisalimia tu.

Dafrosa alimtazama. Kisha aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, akaweka mkono wa kushoto juu ya meza ya cherehani, akaanza kufungua kitambaa cha bluu. Kilikuwa kimeshikana na ngozi. Alikibandua kidogokidogo, akivuta pumzi kila mzunguko.

Kidole kilikuwa kimevimba hadi kiungo cha pili, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Ukucha ulikuwa umeinuka upande mmoja, na chini yake, katika nyama iliyopauka, palikuwa na nukta nyeusi, ndogo kuliko alama ya mwisho wa sentensi. Kwa kidole hicho alikuwa ameshona kola mia mbili kwa siku, kwa siku kumi na mbili, na si moja iliyopinda.

Mzee Silvanus aliwakumbuka wanafunzi wake bila majina, mikono tu, mamia ya mikono aliyoinyoosha, aliyoikemea, aliyoituma viwandani na cheti. Hakujiandaa. Mkono wake ulienda wenyewe ukaushika mkono wa Dafrosa kwa chini, kama mtu anavyobeba kifaranga.

"Pole, mama," alisema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua.

Leokadia alitazama kioo. 

"Tisa."

Hakuna aliyecheka. Sekunde kumi za Sikio zilianza.

"Tisa ya nani?" alisema Bwana Shekalaghe. "Futa hiyo! Huyo si mfanyakazi! Leokadia, futa!"

Kidole cha Leokadia kilikuwa juu ya kioo. Alikiondoa, akakiweka mgongoni.

Na katika safu ya pili, wanawake kumi na wawili waliolelewa vizuri waliinamisha vichwa vyao. Mama Perpetua alikuwa ameuma ncha ya kanga. Dafrosa alikuwa ameinua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa, na koo lake lilipanda na kushuka, neno likipanda na kushuka ndani yake, neno ambalo shangazi yake alimfundisha kabla hajajua kutembea. Mzee alimsihi kwa macho. Saba. Sita. Yeye ambaye hakuwahi kumwonea huruma mtoto aliyeiacha pole ya mkubwa bila jibu, alisimama akiomba moyoni apuuzwe.

Nne. Tatu.

Midomo ya Dafrosa ilifumbuka. Akaikandamiza kwa mkono wake mzima.

Namba kumi na nne ilitoa mlio mfupi, taa yake ikawa nyekundu. Kisha kumi na tatu. Kisha kumi na tano, na kumi na sita, na safu ya tatu, na ya nne, mpaka ngurumo yote ikashuka kutoka magotini, ikaingia sakafuni, ikaisha. Ndani ya ukimya huo, mbele ya watu mia mbili na kumi, hakuna hata mmoja aliyemjibu.